Nakala Arobaini

Alikuja saa kumi na mbili kasorobo,
nimeshateremsha nusu ya mlango wa chuma.
Akainama kama mtu anayeingia banda la kuku,
akasema: Musembi, nakala arobaini, pande zote mbili,
na usisome.

Nikasoma.
Miaka kumi na tisa niko na mashine hii Mtaa wa Mfangano,
nimesoma wosia, talaka, vyeti ambavyo shule zake hazipo,
ratiba za mazishi na marehemu akicheka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine.
Kitu kama hiki sikuwa nimekiona:
*Maji ya Jumanne*, kwa mkono, kalamu ya risasi,
herufi zimesimama zikiegemeana kama mitungi kwenye foleni,
maana kwao Kayole maji huja Jumanne,
na ziko Jumanne yasipokuja.

Ukurasa wa pili, barua kwa mwenye nyumba.
Wa tatu, jinsi ya kulia bafuni bila jirani kusikia:
fungua bomba (rejea jina la jarida).
Wa nne mweupe, ila chini kabisa:
*Hapa palikuwa na shairi. Limeenda kulipa kodi.*

Kageha alikaa sakafuni akikunja kurasa kwa mgongo wa kijiko.
Mchana huuza magodoro Luthuli,
hulalia kila moja mbele ya wateja, wajue linavyobonyea.
Hiyo, aliniambia, ndiyo sanaa inayonilisha.
Nakala zake huziacha popote:
choo cha kulipia, chini ya sahani ya mutura,
ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa ambalo sitalitaja
kwa sababu mke wangu ni mzee wa kanisa hilo.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi alivaa gauni.
Nililijua kitambaa chake: makaratasi yangu yaliyoharibika,
risiti zake za kodi nilizozinakili zikatoka zimepinda,
zote zimeshonwa kwa pini, kutoka shingoni hadi kwenye vifundo.
Akasimama mbele ya jengo la Nyaraka, kimya,
na kibao: *Ng'oa moja. Soma kwa sauti.*

Nani angeanza?
Hamali mmoja aliweka mkokoteni chini, akang'oa begani.
"Februari. Elfu nne na mia tano. Salio, mia tatu."
Watu wakacheka.
Mama wa njugu akang'oa. "Machi. Salio, elfu moja na mia nane."
Wakacheka kidogo.
Kufikia Julai hakuna aliyecheka,
na gauni lilikuwa limefika magotini.

Kanjo wakaja. Leseni iko wapi?
Iko mgongoni, akasema. Isomeni.
Yule mrefu akamzungusha.
Karatasi nyeusi tii, pembe hadi pembe.
Hivyo ndivyo mashine hunakili
ukisahau kuifunika, ikitazama dari.
Nilidhani nimeitupa.
Askari akaikodolea macho. Aliikodolea muda mrefu,
midomo ikimchezacheza, kama mtu anayesoma.

Wakambeba hata hivyo.

Jumatatu alirudi na kiatu kimoja chake na kimoja cha kuazima.
Nakala arobaini, Musembi.
Kwenye daftari langu la madeni ana ukurasa wake mwenyewe,
elfu moja, mia mbili sitini,
na kila mwezi mke wangu huuliza ni nani huyu.
Namwambia ni kanisa fulani.

Toleo la kumi na moja ameniachia ukurasa.
Mweupe. Andika wewe, alisema, wewe unayesoma bila kuambiwa.
Wiki ya tatu sasa uko chini ya kioo cha kaunta,
wateja huweka sarafu juu yake.

Jana niliandika: *Wino umepanda bei.*
Nikafuta.
Leo, kabla ya kushusha mlango, nimeuweka chini ya taa
na naona alama ya nilichofuta,
imebonyea kama godoro mtu akishaamka.
Ana haja nao kesho.
Nimechonga kalamu mara mbili.
*Wino*